Paneli za ndani za Kombi ya 1973 zimeoza, natengeneza mwenyewe: ubao gani, gundi gani, na vitufe vya dashibodi nifanyeje?

Kombi_Sabini_na_Tatu

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii vizuri.

Gari ni Volkswagen Kombi T2 ya mwaka 1973. Bati limeshachomelewa na kupakwa rangi, umeme uko sawa, sasa zamu ya ndani. Paneli za milango miwili ya mbele ni hadibodi iliyovishwa reksini. Chini zimevimba na kulainika, klipu za chini zote zimeng'oka pamoja na vipande vya ubao, lakini nusu ya juu bado ina umbo lake. Paneli za ubavuni nyuma hazipo kabisa, yamebaki matundu ya klipu kwenye bati. Dari ni ya vipande vya ubao. Viwili vimekatika na kimoja kimelegea katikati. Kwenye dashibodi kitufe cha wipa kimepasuka na cha taa hakipo, ila ninavyojua vyote viwili ni umbo moja.

Za kununua zipo, lakini nataka matundu yakae palepale yalipo kwenye gari hili, na nataka kazi ya kudumu. Nina jigsoo, drili, cherehani ya nyumbani, stepla ya mkono na mashine ya kupuliza hewa moto.

Maswali yangu: Ubao gani na unene gani? Gundi ipi isiyoachia juani? Paneli ambazo hazipo nitapataje kiolezo chake? Na vitufe, nimimine resini au nichapishe kwa printa ya 3D?

---

Randa_na_Patasi

Mkuu, kabla hujakata ubao wowote shughulikia kilichoua zile za kwanza. Hadibodi ikioza chini na kubaki nzima juu, imekunywa maji kutokea nyuma. Mlango wa gari haujaundwa kuzuia maji yasiingie ndani yake. Mvua hupita kwenye raba za kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Kinachoikinga paneli ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati, kati ya mlango na paneli. Kwenye magari ya umri huu nailoni hiyo mara nyingi ilichanwa siku kitasa kilipotengenezwa na haikurudishwa. Paneli mpya ikiwekwa bila nailoni itaoza vilevile, hata ubao uwe mzuri namna gani.

Zibua matundu ya chini ya mlango kwa waya, kisha mimina maji kidogo kwenye kioo kwa nje uone yanatoka upande gani. Raba za kioo zikiwa zimekauka na kupasuka, badilisha sasa. Kata nailoni nzito ya milimita 0.2 na uibandike kwa utepe wa butili (utepe mzito wa mpira unaonata). Usitumie silikoni ile inayonuka siki: inapokauka hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye bati na kwenye skrubu.

Hapa wengi hukosea: ukingo wa chini wa nailoni haubandikwi juu ya bati kwa nje. Unauchomeka ndani ya mlango kupitia uwazi wa chini, ili tone linaloteremka kwenye nailoni lirudi ndani ya mlango na kutoka kwenye tundu lake. Ukiubandika kwa nje, maji yatashuka moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa ubao. Toboa nailoni pale tu panapopita mhimili wa mkono wa kupandishia kioo, kitasa na skrubu za mshikio, na uzungushie butili kila tundu.

Ubao wa milango: hadibodi ya milimita 3, ile iliyotiwa mafuta kiwandani, ngumu, rangi ya kahawia iliyokoza. Ile laini nyepesi ya nyuma ya makabati haifai. Usiongeze unene kwa kudhani unaongeza uimara. Klipu imeundwa kwa unene fulani. Ukienda milimita 5 shingo yake haifiki kwenye tundu la bati, na mkono wa kioo utaanza kusugua reksini. Pima unene wa paneli ya zamani sehemu ya juu iliyo nzima, kwa sababu chini imevimba na itakudanganya.

Kwa sababu hiyohiyo usichore paneli ya zamani moja kwa moja kwenye ubao mpya. Chora kwanza kwenye kadibodi ngumu, ikate, iweke mlangoni, ufunge mlango, uangalie inapogusa raba ya fremu. Rekebisha kadibodi mpaka ikae bila kusukumwa. Kadibodi ni rahisi, ubao ukishakatwa haurudi.

Matundu ya klipu: pachika kwanza vile vipira au vikombe vya plastiki kwenye matundu ya mlango, kisha paka rangi mbichi kidogo kuzunguka kila kimoja na ubonyeze kadibodi. Umepata mahali halisi pa kila tundu. Ila tundu la ubao halikai mbele kabisa ya tundu la bati. Mguu wa klipu huingia kwenye ubao na kusogea upande, kwa hiyo kuna tofauti ya milimita kadhaa kati ya mguu na ncha. Chukua klipu moja, pima tofauti hiyo kwa kalipa, na uihamishe kwenye kila tundu ukielekea katikati ya paneli. Ukiipuuza, klipu zote zitakuwa zinavutana na bati, na ya kwanza kuachia itaondoka na kipande cha ubao.

Unapokata kwa jigsoo, geuza upande wa uso uangalie chini, maana meno hukata yakipanda na huchana upande wa juu. Bleti iwe ya meno madogo, na mstari ubandikwe selotepu ya karatasi. Matundu toboa ukiwa umeweka kipande cha mbao nyuma. Ukishatoboa, dondoshea supaglu ya majimaji kwenye kuta za kila tundu la klipu. Nyuzi za ubao huinywa na kukauka ngumu, na sehemu ile nyembamba kati ya tundu na ukingo, ambayo ndiyo hupasuka siku zote, inapata nguvu.

Vanishi inakuja baada ya kukata na kutoboa, si kabla. Kwenye hadibodi maji huingia zaidi kwa ukingo kuliko kwa uso. Mkono wa kwanza wa vanishi ya mafuta uwe mwepesi, umeongezwa asilimia 15 hivi ya tina ili upenye. Pande zote mbili mikono miwili, kingo na matundu mitatu. Nasisitiza pande zote mbili: ukiziba upande mmoja, ule mwingine utaendelea kunyonya na kutoa unyevu na ubao utapinda. Iache ikauke siku tatu kabla ya gundi. Tina iliyobaki ndani hutafuta njia ya kutoka, na ikikuta reksini juu yake inatengeneza mapovu.

---

Ubavu_Mrefu

Kwa milango nakubaliana na yote. Kwa ubavuni nisingetumia hadibodi. Paneli za huko ni ndefu, klipu ziko mbalimbali, na hadibodi ya milimita 3 itapwaya katikati na kupiga kelele barabara ikiwa mbaya. Tumia plaiwudi ya bachi (birch) ya milimita 3 au 4, iliyogundishwa kwa gundi isiyoachia ikipata maji. Mahali penye tundu la klipu punguza unene kwa patasi upande wa nyuma mpaka klipu ikae kama inavyokaa kwenye milimita 3.

Ubavu wa Kombi umejipinda kutoka juu kwenda chini. Plaiwudi nyembamba hupinda kirahisi mstari wa mkunjo ukiwa sambamba na nyuzi za uso, na hukaidi ukiwa umezikata. Kwa hiyo nyuzi za uso zielekee mbele na nyuma ya gari, si juu na chini. Ukikosea hapo paneli itasukuma klipu mchana na usiku mpaka zing'oke, na utalaumu klipu.

Kiolezo cha kitu ambacho hakipo: tumia fimbo ya alama, njia ya mafundi wa boti. Kata kifimbo cha plaiwudi cha sentimita 30 hivi, ncha moja iwe kali na upande mmoja uwe na mapengo machache yasiyolingana. Chukua ubao chakavu ulio mdogo kuliko uwazi unaotaka kuziba, uushike imara kwenye nafasi hiyo kwa klempu au selotepu usitikisike. Gusisha ncha ya fimbo kwenye ukingo wa bati ambapo paneli itaishia, laza fimbo juu ya ubao chakavu na chora umbo lake lote kwa penseli, pamoja na mapengo. Andika namba. Sogea sentimita 3 kwenye kona na 10 hadi 15 kwenye mstari ulionyooka, urudie. Fanya hivyohivyo kwa kila tundu la klipu, ncha ikiwa katikati ya tundu.

Baada ya hapo weka ubao chakavu juu ya ubao mpya, rudisha fimbo kwenye kila mchoro wake (mapengo yanahakikisha hukosei mkao) na uweke nukta pale ncha inapofika. Unganisha nukta kwa rula inayopindika. Huhitaji kupima pembe wala nusu kipenyo cha kona ya dirisha. Kwenye mpindo mkubwa shika ubao chakavu ukiwa umepinda kama paneli itakavyopinda, la sivyo paneli itatoka fupi.

---

Gundi_na_Uzi

Suala la gundi lisemwe wazi, kwa sababu ndilo hufanya kazi nzuri ionekane mbovu baada ya msimu mmoja wa jua.

Reksini ya PVC ina mafuta ya kuilainisha ndani yake. Mafuta hayo huhama taratibu kuingia kwenye gundi. Gundi ya kawaida ya mpira, ile ya viatu na fomaika, hulainishwa nayo mpaka inageuka ute. Ongeza joto: gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi kwenye dashibodi na sehemu za juu za milango. Ukichanganya hayo mawili, reksini inaachia, kwanza penye mpindo wa ndani, mahali inapovutwa. Tafuta gundi ya kugusanisha ambayo mkebe wake unasema inahimili mafuta ya PVC na joto kali. Nyingi za aina hiyo ni za poliyurethani au zimeandikwa kuwa za paa za reksini za magari. Gundi ya kupuliza ya matumizi ya jumla iache kwa kushikizia sponji tu.

Utaratibu wenyewe. Piga ubao uliopakwa vanishi msasa namba 180 mpaka mng'ao uishe, futa vumbi. Sponji iwe ya milimita 3, ya vitundu vilivyofungika, isiyonyonya maji. Sponji ya wazi hushika unyevu na baada ya miaka husagika kuwa unga, na reksini inabaki bila cha kushikilia. Kata sponji iishie sawa na ukingo wa ubao. Ikizungushwa mpaka nyuma, ukingo unakuwa mnene na paneli haikai mlangoni.

Paka gundi pande zote mbili, safu nyembamba, kwa brashi au kipande cha plastiki chenye ukingo wa moja kwa moja. Subiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isivutike uzi, kwa kawaida dakika 10 hadi 15 ikitegemea joto na hewa. Ukibandika mapema, tina inanaswa ndani. Ukichelewa sana haishiki. Anzia katikati ya paneli, sukuma kwa kiganja kuelekea nje. Usivute reksini, iliyovutwa itarudi yenyewe ikipata joto na kufanya mawimbi karibu na kingo.

Kunja kuzunguka ukingo kwa milimita 20 hadi 25, si zaidi. Kona ya nje: pasha reksini hewa moto kwa mbali mpaka ilainike, vuta katikati ya kona kwanza na uibandike, kisha gawanya kilichobaki katika vikunjo vidogo vidogo na ukate ncha zake kwa mkasi nyuma ya ubao. Kona ya ndani, kama kwenye uwazi wa kitasa: kata mkato mmoja kuelekea kona na usimame milimita 2 kabla ya kuifikia. Ukiufikisha, utaonekana kwa mbele milele.

Stepla: ubao ni milimita 3 na reksini moja hivi, kwa hiyo pini za miguu ya milimita 4 zinatosha kabisa. Za milimita 6 zitatokeza usoni. Stepla hapa ni msaidizi, kazi ya kushika ni ya gundi.

---

Kombi_Sabini_na_Tatu

Asanteni sana, hii ya fimbo ya alama imenitatulia nusu ya kazi.

Mambo mawili zaidi. Paneli za awali zina mistari ya mlalo iliyogandamizwa kwa joto kiwandani. Je, cherehani ya nyumbani inaweza kutoa kitu kinachokaribia? Na kuna jamaa ananishawishi nitumie shiti ya plastiki ya ABS badala ya ubao, kwamba haiozi. Mnasemaje?

---

Gundi_na_Uzi

Mistari ile ya kiwandani haipatikani bila mashine yake, ila mshono wa moja kwa moja katika nafasi ileile unapendeza na unadumu. Shona reksini na sponji pamoja *kabla* ya kubandika kwenye ubao. Chora mistari upande wa nyuma wa sponji, si kwenye uso wa reksini, maana wino wa kalamu hupenya PVC na hautoki. Acha ziada ya sentimita 3 hadi 4 kila upande, kwa sababu kila mshono unakula kidogo na kipande kinapungua.

Urefu wa mshono milimita 4. Huu ndio ushauri ambao wengi wenye cherehani za nyumbani huupuuza: mshono mfupi hutoboa matundu yaliyosongamana na reksini inachanika kwenye mstari kama stempu. Uzi uwe wa nailoni au poliyesta. Wa pamba unaoza. Uzi mnene wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) unahitaji sindano namba 110/18, na si kila cherehani ya nyumbani itauvumilia. Ikianza kuruka mishono, shuka kwenye uzi wa poliyesta mwembamba zaidi na sindano 100/16. Mguu wa chuma wa cherehani hung'ang'ania reksini, kwa hiyo weka mguu wa tefloni au tandika ukanda wa karatasi ya kukaangizia juu ya mstari na uuchane ukimaliza. Mwanzo na mwisho wa mstari usirudishe nyuma. Acha nyuzi ndefu, zipitishe nyuma na uzifunge fundo.

Kisha bandika ukianza na mstari wa katikati, ukiulinganisha na mstari wa penseli uliochorwa kwenye ubao. Mstari uliopinda kwa milimita 3 unaonekana ukiwa nje ya gari.

---

Ubavu_Mrefu

ABS haiozi, kweli, ila ina tabia yake. Inatanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya chuma kilicho nyuma yake. Paneli ya mita moja, joto likipanda nyuzi 40, inaongezeka milimita 3 hivi. Ukiifunga kwa skrubu zilizobanwa kwenye matundu ya duara, itatafuta pa kwenda na itabenuka katikati. Kwa hiyo tundu la katikati peke yake ndilo liwe la duara. Mengine yote yawe marefu kuelekea ncha, na skrubu zikazwe mpaka washa iguse tu. Chini ya milimita 2 inapwaya. Na kabla ya kupaka gundi jaribu kwenye kipande, maana tina za baadhi ya gundi hulainisha ABS na kuacha alama usoni.

Kwa maoni yangu inafaa sehemu za miguuni, karibu na pedali, ambako viatu vyenye maji hugusa kila siku. Kwa milango ubao uliozibwa vizuri ni bora, unashika klipu kwa utulivu zaidi.

---

Kalibu_Mbili

Nijibu ya vitufe, naona yameachwa.

Ukichagua printa ya 3D, plastiki unayochagua ni muhimu kuliko printa yenyewe. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, yaani kitufe kitainama kwenye shina lake siku ya kwanza ya jua kali. PETG inafika kama 80. ABS na ASA zinakaribia 100, na ASA inavumilia mionzi ya jua kuliko ABS, kwa hiyo kwa dashibodi chukua ASA. Chapisha kitufe kikiwa kimelala kwa namna ambayo tabaka hazikatizi shina kwa mlalo. Kitufe cha kuvuta hupasuka kati ya tabaka na tabaka, pale uzi wa skrubu unapoanza. Na uzi wenyewe usiuchapishe: acha tundu, uingize nati ndogo ya shaba kwa ncha ya chuma cha kuchomelea risasi. Pima hatua ya uzi wa shina kwa kipimo cha nyuzi, usikisie kwa kuangalia.

Ukitaka umbo halisi pamoja na alama iliyochongwa usoni, mimina. Kwanza rekebisha kitufe kilichopasuka: kibandike, jaza ufa kwa puti ya epoksi, piga msasa namba 400 kisha 800 na maji. Kila kasoro utakayoiacha itanakiliwa. Kizamishe nusu kwenye udongo wa kufinyangia usio na salfa. Silikoni inayogandishwa kwa platinamu hukataa kuganda ikigusana na salfa, inabaki ute unaonata, na umepoteza kitufe chako cha kielelezo ndani yake. Bonyeza vitundu vichache kwenye udongo kwa ncha butu, vitakuwa funguo za kulinganisha nusu mbili. Jenga ukuta, mimina silikoni kwa uzi mwembamba kutoka juu, ukianzia kwenye kona ya chini ili isukume hewa mbele yake. Ikishaganda geuza, ondoa udongo, paka vaselini nyembamba kwenye silikoni yote (sahau hatua hii na nusu mbili zitakuwa kitu kimoja), kisha mimina nusu ya pili. Acha njia ya kumiminia na njia mbili nyembamba za kutolea hewa kwenye sehemu za juu kabisa.

Resini ya poliyurethani hugeuka povu ikikutana na unyevu. Vikombe viwe vikavu, vijiti viwe vya plastiki au chuma na si vya mbao, na chupa ifungwe mara moja. Pima kwa mizani ya gramu kufuata uwiano wa mkebe. Aina nyingi zinakupa dakika chache tu kabla ya kuanza kuganda, kwa hiyo kalibu iwe imeshafungwa mezani kabla hujachanganya. Soma joto inalohimili: resini nyingi za bei rahisi hulainika chini ya nyuzi 70. Zile za joto kali mara nyingi zinahitaji kuokwa baada ya kuganda, kwa nyuzi na saa zilizoandikwa na mtengenezaji, na zisipookwa hazifikii uwezo ulioandikwa. Rangi nyeusi ichanganywe ndani ya resini. Ikipakwa juu, kucha itaibandua.

Mkono wa kupandishia kioo usijaribu kwa njia yoyote kati ya hizi. Meno yake hubeba nguvu kubwa. Tumia wa chuma.

---

Randa_na_Patasi

Dari kwa ufupi, maana kanuni ni zilezile. Plaiwudi ya milimita 3, pande zote mbili zimezibwa, na vipande viungane chini ya mti au ukanda wa alumini unaokaa juu ya mbavu za paa, si katikati ya mbavu mbili. Kile kilichoshuka katikati kilikosa cha kushikilia hapo. Kabla ya kufunga angalia bati la paa kwa ndani: mvuke wa pumzi huganda hapo usiku na kudondoka juu ya ubao, kwa hiyo acha milimita chache za hewa, na ukiweka kitu cha kuzuia joto kiwe cha kutonyonya maji. Nyaya za taa zipite kabla ya ubao kupanda. Muwe wawili, na mkate fito mbili zenye urefu wa kutoka sakafuni hadi darini kwa kushikilia ubao wakati wa kufunga skrubu.

Urefu wa skrubu upimwe kila mahali, hasa mlangoni. Teremsha kioo mpaka mwisho kabla ya kutoboa au kukaza chochote, kisha kipandishe na kukiteremsha polepole ukisikiliza. Skrubu iliyozidi milimita 5 nyuma ya mshikio inaweza kukwaruza kioo au kukivunja.

Jambo la moto nalo. Sponji na reksini za fanicha za nyumbani hazikutengenezwa kwa ajili ya gari. Marekani ilianza mwaka 1972 kutumia kanuni ya FMVSS 302, inayotaka vitu vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, na ISO 3795 ni kipimo cha aina hiyohiyo. Muulize muuzaji kama reksini na sponji yake vimepimwa kwa mojawapo. Kwenye Kombi yenye jiko la gesi ndani hilo halina mjadala.

---

Ubavu_Mrefu

Nyongeza ya kufungia. Pachika paneli kwanza *bila* reksini, klipu zote, na ufunge mkono wa kioo na kitasa. Kila kitu kikikaa, toa, kisha ndipo uvishe. Kumbuka reksini na sponji vinaongeza karibu milimita 1 hadi 2 kila ukingo na zaidi kidogo kwenye uso, kwa hiyo ubao mtupu ukiwa umebana tayari umeshakuwa mkubwa. Punguza kwa tupa na urudishie vanishi kwenye ukingo huo huo siku hiyo.

Unapobonyeza klipu piga kwa kiganja juu ya klipu yenyewe, anzia juu ukishuka, na kabla ya kila pigo hakikisha ncha imeingia kwenye kipira. Kutoa siku nyingine ni kwa uma wa plastiki wa kung'olea klipu, uingizwe pande mbili za klipu. Ukivuta ukingo wa ubao kwa vidole utarudi kwenye matundu yaliyopasuka.

---

Kombi_Sabini_na_Tatu

Nimepata pa kuanzia, wakuu: nailoni na butili kwanza, kisha kadibodi za milango, huku silikoni ya vitufe ikiganda. Swali dogo la mwisho: vile vipira vya matundu ya klipu vikikosekana, naweza kuacha klipu iingie kwenye bati moja kwa moja?

---

Randa_na_Patasi

Usiache. Ncha ya klipu hukwangua rangi kwenye ukingo wa tundu, kutu inaanza hapo, na maji ya ndani ya mlango yanapata njia ya kufika kwenye ubao. Pia itacheza na kulia. Kama umbo la awali halipatikani, vipira vya kupitishia nyaya vya kipenyo kinacholingana vinafanya kazi. Chagua vyenye tundu la ndani dogo kidogo kuliko ncha ya klipu ili vibane. Matundu yenye kutu yapige tupa ya duara, yapake rangi ya msingi, yakauke, ndipo uweke kipira.